Sarafu Iliyolika, Katuni Isiyo na Ukurasa wa Mwisho

Nyuma ya soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, yuko mzee mmoja anayenunua vyuma chakavu kwa kilo, na kwa miaka saba sasa nimekuwa mteja wake asiyeeleweka, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee anayefika pale kununua badala ya kuuza, na ninachonunua hakijawahi kuzidi uzito wa kitasa cha mlango. Chini ya meza yake kuna kopo la maziwa ya unga ambamo hutupia kila kipande cha shaba au nikeli chenye umbo la duara. Nikifika Jumamosi asubuhi na kumwamkia, huitikia marahaba huku mkono wake ukiwa tayari umelifikia kopo. "Mjukuu wangu," husema, "leo una wazungu wawili na matundu matatu." Wazungu ni sarafu zenye vichwa vya wafalme, na matundu ni zile zenye tundu katikati. Hiyo ndiyo lugha ya biashara yetu, nayo imenisaidia kuliko orodha nyingi za bei.

Kwa kazi mimi ni mhasibu. Nje ya kazi nina mambo matatu ambayo mke wangu huyaita utoto wa aina tatu: nakusanya sarafu za zamani, nasoma majarida ya katuni, na nacheza gemu. Wengi wenye mapenzi na mojawapo ya mambo haya hutafuta kitu kilichobaki kipya, yaani sarafu ambayo haijawahi kuingia mfukoni, jarida ambalo halijakunjwa, na mashine ya gemu iliyo bado ndani ya boksi lake. Mimi nimefikia msimamo wa kinyume, kwanza kwa ukosefu wa fedha na baadaye kwa hiari yangu: nataka kitu kilichotumika, na kadiri kilivyotumika zaidi ndivyo ninavyokitamani.

Sarafu yangu ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Ilikuwa ya bibi yangu mzaa mama, aliyeishi karibu na Tukuyu, katika nchi ya migomba na chai na mvua isiyojua kupumzika. Alikuwa ameifunga kwenye uzi mmoja na ufunguo wa sanduku lake. Ilikuwa heller 10 ya wakati wa Wajerumani, ya mwaka 1911, yenye tundu katikati na herufi A inayoonyesha kuwa ilipigwa chapa Berlin, ingawa hayo niliyajua miaka mingi baadaye, kwa sarafu nyingine. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwa nia njema kabisa niliisugua kwa majivu na limau, kisha, kwa kuwa haikung'aa vya kutosha, nikaazima msasa wa mjomba aliyekuwa fundi seremala. Iling'aa kama kijiko. Nikampelekea bibi nikitarajia sifa. Aliigeuza mara mbili kiganjani, akasema, "Ndaga, mjukuu wangu. Sasa imekuwa wasa ya nati." Ndaga ni neno ambalo kwa Kinyakyusa hutosha kwa shukrani na hutosha kwa pole, na mpaka leo sijui alikusudia lipi.

Kosa lile ndilo kosa la kwanza la karibu kila mkusanyaji. Rangi ya kahawia au kijivu inayoifunika sarafu ya zamani si uchafu. Ni ngozi ambayo metali imejiotesha yenyewe kwa miaka mingi kwa kukutana na hewa na jasho la mikono, na ukiiondoa unaondoa pamoja nayo sehemu ya juu ya chapa yenyewe. Siku hizi sarafu ikifika kwangu na udongo, nailoweka katika maji safi, naikausha kwa kitambaa laini bila kusugua, na basi. Pia siziweki kwenye mifuko ya plastiki laini ya PVC, kwa sababu hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani juu ya shaba. Nazifunga kwa karatasi na kuzipanga ndani ya maboksi ya viberiti, na viberiti vinakaa ndani ya sanduku la bati lililo mbali na ukuta wa nje, maana majira ya mvua ya Mbeya huleta unyevu usiozifaa.

Bibi hakuwahi kuiita sarafu ile heller. Aliiita hela, kama sisi sote tunavyosema tukimaanisha fedha ya aina yoyote, na nilikuwa nimeshakuwa mtu mzima nilipotambua kwamba neno ninalolitamka kila siku sokoni limetoka kwenye chuma kile nilichokiharibu. Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa fedha zake mwaka 1890: rupia za fedha halisi, na pesa za shaba zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu upande mmoja na tai wa Kijerumani upande mwingine, pesa 64 zikiwa rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ilibadili hesabu hiyo, rupia moja ikawa heller 100. Hesabu ya mia ni rahisi kuliko ya sitini na nne, nami kama mhasibu naiunga mkono, lakini tusisahau kwamba wazee wetu hawakuikimbilia rupia kwa kuipenda. Kodi ya kibanda, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1890, ndiyo iliyowalazimu wengi kuitafuta, na mtu asiyekuwa nayo alilazimika kuifanyia kazi. Kwa hiyo ninapoishika rupia yenye kichwa cha Kaiser Wilhelm II mwenye kofia yake ya tai, iliyotoka kiwandani na uzito wa gramu 11.66 na kulika mpaka sharubu za mfalme zimetoweka, siioni kama pambo. Naona ni mikono mingapi iliyoipokea kwa shida na kuitoa kwa uchungu.

Lugha yetu, kwa kweli, ni sanduku la sarafu lililo kubwa kuliko langu. Hela ilibaki ingawa Wajerumani waliondoka. Pesa ilikuja kwa njia ya India na haikuondoka. Thumuni, kwa maana ya senti hamsini, ni neno la Kiarabu la sehemu ya nane, na ni ya nane kwa sababu hapo kale lilihesabiwa kwa riale, si kwa shilingi. Ndururu ilikuwa senti tano. Shilingi tano ikaitwa dala, na kutokana na nauli ya dala tukapata daladala, ambazo bado tunazipanda hapa kati ya Uyole na Mbalizi ingawa hakuna anayekumbuka mara ya mwisho nauli ilipokuwa shilingi tano.

Sarafu ninayoitamani kuliko zote sina, na huenda nisiipate. Mwaka 1916, meli za Waingereza zilipokuwa zimeifunga bahari na fedha hazifiki tena kutoka Ujerumani, Wajerumani walifua sarafu zao wenyewe katika karakana ya reli kule Tabora. Walitengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ambayo leo husakwa na matajiri wa dunia nzima, nayo kwa upande wangu wanaweza kuichukua wote. Mimi nataka ile heller 20 ya shaba au shaba ya njano, yenye herufi T ndogo ya Tabora, iliyofuliwa kwa haraka na kwa vifaa visivyokusudiwa kazi hiyo, kiasi kwamba nyingi zilitoka zikiwa zimepinda chapa na kufifia tangu siku ya kuzaliwa. Hapo ndipo elimu yote ya ubora wa sarafu inapokwama, kwa sababu utaipimaje sarafu ambayo upya wake wenyewe unafanana na uchakavu? Vita ile iliishia upande wetu huu, jeshi la Wajerumani likisalimu amri Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, ng'ambo ya Tunduma, mnamo Novemba 1918, kwa hiyo sijakata tamaa kwamba moja ilidondoka njiani. Nimemweleza mzee wa Mwanjelwa umbo lake. Aliniuliza kama ina tundu. Nikamwambia haina. Akasema atajitahidi.

Ni yeye, kwa vyovyote, aliyenipatia senti 10 ya mwaka 1936. Ilikuwa imenaswa ndani ya fundo la nyaya za shaba, na aliiuza kwa shilingi elfu mbili baada ya kunitazama usoni kwa muda mrefu, maana mimi sina uso wa kuficha furaha. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1919 na kuwekwa London, ilikuwa ikitoa senti zenye tundu na pembe mbili za ndovu, na kwa kuwa tundu lilikuwa mahali ambapo kichwa cha mfalme kingekaa, sarafu hizo zilibeba jina lake tu na taji. Mwaka 1936 mfalme alikuwa Edward VIII, aliyekalia kiti kuanzia Januari akakiacha Desemba kabla ya kutawazwa. Nchini kwake Uingereza hakuna sarafu yenye jina lake iliyoingia sokoni kununulia mkate. Huku kwetu zilitoka kwa mamilioni na zikanunulia chumvi. Kwa hiyo haina bei kubwa popote, na yangu imelika hata jina husomeka kwa kuinamisha chini ya taa, lakini huwa napenda kufikiri kwamba mfalme ambaye watu wake hawakumtia mfukoni alitiwa mfukoni na mtu wa Chunya au Rujewa ambaye hakujua wala hakujali kwamba ameshaondoka.

Sarafu zetu wenyewe, zile za Benki Kuu iliyofungua milango Juni 1966, ndizo nilizo nazo nyingi. Senti tano ya samaki, senti ishirini ya mbuni, senti hamsini ya sungura na shilingi moja ya mwenge, zote zina Mwalimu Nyerere upande wa pili. Sungura wangu mmoja amebaki masikio tu. Wageni waliokatiza mkoa huu nao hawakosekani: ngwee za Zambia kupitia Tunduma, zikiwamo za 1968 zenye muhanga na sura ya Kaunda, tambala za Malawi kupitia Kasumulu, na sarafu moja ya fen tano ya Uchina, ya alumini, nyepesi kama ganda la karanga, niliyopewa na mzee mmoja wa Iyunga aliyefanya kazi na Wachina walipokuwa wakijenga reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Aliitunza miaka arobaini bila kujua sababu, akanipa bila kuniambia sababu.

Wakusanyaji wa kimataifa hutumia kipimo cha Sheldon, kilichobuniwa Marekani mwaka 1949, ambacho huipa kila sarafu alama kuanzia 1 hadi 70. Sabini ni sarafu isiyo na dosari hata chini ya lenzi. Nikiwa mkarimu, nyingi za kwangu zingepata kati ya nne na kumi na mbili, alama ambazo shuleni zingenirudisha nyumbani na barua. Hata hivyo, naziandika zote katika daftari, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari: mwaka, alama ya kiwanda, siku niliyoipata, aliyenipa, na safu moja ambayo sijaiona katika daftari la mkusanyaji mwingine, inayoeleza imelika wapi na, kwa makisio yangu, kwa nini. Yenye tundu la pili pembeni ilivaliwa shingoni. Iliyokwaruzwa upande mmoja tu ilitumika kukwangua kitu, labda masizi ya sufuria.

Katuni nilizipenda kwa mazingira yale yale ya uhaba. Nilisoma shule ya bweni katika miaka ya 1990, na jarida la Sani lilitufikia kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia nane, likinunuliwa na mwanafunzi mmoja mwenye uwezo na kusomwa na bweni zima. Kulikuwa na utaratibu usioandikwa: mwenyewe kwanza, kisha kitanda cha juu yake, kisha jirani, na kuendelea mpaka mlangoni, ambako kidato cha kwanza walilala na upepo. Lilipofika mlangoni halikuwa tena na jalada, na aghalabu ukurasa wa mwisho ulikuwa umekwenda ambako kurasa za mwisho huenda katika shule isiyo na karatasi za chooni. Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Madenge, Kipepe, wote niliwajua kwa miaka miwili bila kujua mikasa yao iliishaje.

Pengo hilo lilizibwa na mwenzetu mmoja aliyekuwa na kipaji cha ajabu cha kumalizia. Alisoma kurasa zilizobaki, akakaa kimya dakika moja, kisha akatusimulia mwisho, kwa sauti za wahusika wote, huku taa zikiwa zimezimwa. Tulibishana naye, na mara mbili tulimkataa na kumtaka asimulie upya. Mwalimu wa zamu alitunyang'anya majarida zaidi ya mara moja, akisema yanaharibu Kiswahili, na mara moja nilipotumwa ofisini kupeleka madaftari nilimkuta akicheka peke yake, jarida likiwa ndani ya kitabu cha mahudhurio.

Leo nina matoleo sitini na matatu, na yaliyo kamili ni kumi na tisa. Mengine yana mafuta ya maandazi, kwa sababu majarida ya zamani huuzwa kwa uzito na kuwa vifungashio, na nimewahi kununua karanga za muuzaji mmoja wa Kabwe hadi akaishiwa, huku nikimwomba anifungie kwa karatasi nitakazochagua mwenyewe. Mwaka juzi nilipata toleo kamili la kisa kimoja tulichokisoma bwenini bila mwisho. Nililifungua kwa uangalifu wa mtu anayefungua wosia. Mwisho wa mchoraji ulikuwa mtego mdogo na kicheko, ambao ni halali kabisa kwa katuni ya kurasa mbili. Lakini mwisho wa yule mwenzetu ulikuwa bora, na sasa nimeuandika kwa kalamu ya risasi kwenye karatasi tofauti na kuuweka ndani ya jarida, nikiwa najua kwamba kwa kanuni za ukusanyaji nimelishusha thamani.

Gemu, hatimaye, zinarudi kwenye sarafu. Banda la kwanza nililoingia lilikuwa na televisheni moja, mashine iliyoigizwa Famicom ya Nintendo, na kaseti ya njano iliyodai kuwa na michezo maelfu ingawa ilikuwa michezo ile ile ikijirudia kwa majina tofauti. Kiingilio cha dakika kumi kilikuwa sarafu moja ya shilingi hamsini, ile yenye faru na mtoto wake. Tulicheza Super Mario Bros., mchezo wa mwaka 1985, ambamo ukiokota sarafu mia moja unapewa uhai mmoja wa ziada. Hesabu hiyo ilinishughulisha sana. Ndani ya skrini sarafu mia zilinunua uhai. Nje yake sarafu moja ilinunua dakika kumi, na mwenye banda hakuwa na uhai wa ziada wa kumpa mtu.

PlayStation 2 zilipotufikia, mashine ambayo imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, mwenye banda aligoma kununua kadi ya kuhifadhia mchezo, ile ndogo ya megabaiti 8, kwa hoja kwamba mteja anayehifadhi alipofikia anarudi kwa muda mfupi kuliko anayeanza upya. Kibiashara hakukosea. Umeme nao ulikatika utakavyo. Matokeo yake ni kwamba mimi na wenzangu tunajua mwanzo wa michezo mingi kwa moyo, kila kona na kila adui wa saa ya kwanza, wala hatujui inakoishia. Wengi waliihama michezo ya hadithi wakabaki na mpira, ambao hauhitaji kuhifadhiwa: anayefungwa anapisha.

Banda hilo lilikuwa na pedi mbili za kuchezea gemu. Ya kulia ilikuwa nzima. Ya kushoto ilikuwa imetoka mpira wa juu wa kijiti chake, alama ya kitufe cha X ilikuwa imefutika, na mchezaji wako alivutwa kulia hata ukimwacha bila kumgusa. Aliyekuwa bingwa alipewa ya kushoto, ili kuwe na usawa. Nilichukua miezi minne kuizoea, nikajifunza kuanzisha kila shambulio upande wa kushoto ili pedi yenyewe iniletee mpira katikati, na kwa msimu mmoja wa likizo hakuna mtu wa mtaa wetu aliyenifanya nipishe kwenye benchi. Banda lilipofungwa nilimwomba mwenyewe aniuzie pedi ile. Alidhani namtania, kisha akataka elfu tatu. Inakaa katika sanduku la bati pamoja na viberiti, na katika daftari nimeiandikia mstari kama sarafu nyingine.

Likizo ya Juni iliyopita alikuja mpwa wangu wa kidato cha pili, kutoka Iringa, kijana aliyezoea mashine mpya zinazojihifadhi zenyewe bila kuombwa. Alipoiona PlayStation 2 yangu alicheka, akachagua pedi mpya niliyoinunua Sokomatola, akaniachia ile ya kushoto, akisema, "Mjomba, hiyo mbovu kaa nayo wewe." Nikakaa nayo. Nilimfunga manne kwa bila. Akaitazama pedi yangu, akaigeuza nyuma na mbele kama bibi alivyoigeuza ile heller, kisha akaomba tubadilishane. Nilimkatalia.